Kopo la Kaboni: Nani Anaugeuza Umeme Ndani ya Mota?

Ami yangu ana kopo la maziwa ya unga ambalo halina maziwa. Limejaa kaboni kuukuu: vijipande vyeusi vya mraba, vingine vimelika mpaka vimebaki vyembamba kama ukucha. Kila kimoja kakitoa ndani ya mota fulani, katika miaka zaidi ya thelathini aliyofanya kazi ya kusuka mota Ng'ambo kabla ya kurudi Chwaka kuzeekea. Ukimuuliza kwa nini havitupi, atakwambia, "Hivi ndivyo vilivyokuwa vikiujua wakati."

Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Nimekuja kuyaelewa juzi juzi, baada ya kuunguza transista kumi na moja nikijaribu kuunda saketi ya kuendesha mota isiyo na kaboni hata moja. Kwa hiyo makala haya ni historia ya swali lililomo ndani ya kopo lile: katika mota, nani anaugeuza umeme, na anajuaje kwamba wakati wa kuugeuza umefika?

Nianze na sababu, maana sikuamka siku moja nikapenda transista. Mama analima mwani. Kilimo hiki kilishika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa muda mrefu kazi ilikuwa ya maji ya magotini: bamvua likifika, maji yakatoka, wanawake wanashuka na kamba na vigingi vyao, wanafunga, wanavuna, wanapanda juu kabla maji hayajajaa. Kuna mwani mwembamba na mwani mnene. Mnene ndio wenye bei. Lakini mnene hauvumilii joto, na maji ya karibu na ufuko siku hizi yanachemka mchana kama ya kuogea mzazi. Unageuka mweupe, unalainika, unakatika. Anayeutaka mnene lazima aufuate kwenye kina, na kwenye kina hufiki kwa miguu. Unataka chombo, na chombo kinataka mashine, na mashine inataka petroli kila siku ya Mungu. Mama na wenzake walipiga hesabu mara mbili, wakaona petroli itakula mwani wote.

Mimi nilikuwa na mota ya gurudumu la baiskeli ya umeme iliyotupwa. Nikamwambia Mama, "Nipe miezi mitatu." Ilikwenda mwaka na nusu.

Hebu kwanza tuone mota ni kitu gani. Sumaku mbili zikikutana, ncha zinazofanana husukumana na zisizofanana huvutana. Ukiiweka sumaku moja iweze kuzunguka, na nyingine ukaitengeneza kwa kupitisha umeme kwenye koili ya shaba, ile ya kwanza itazunguka kidogo, itaifikia inayoivuta, itasimama. Imefika, basi tena. Ili iendelee kuzunguka, lazima umeme wa koili ugeuzwe pale pale inapokaribia kufika, ili kilichokuwa kikiivuta kianze kuisukuma. Mota, kwa ufupi, ni sumaku inayonyimwa kufika. Ukigeuza mapema unaivuruga, ukichelewa unairudisha nyuma. Kwa hiyo kazi ngumu ya mota haiko kwenye shaba wala kwenye sumaku. Iko kwenye wakati.

Mwaka 1821, jijini London, Michael Faraday alifanikiwa kuuzungusha waya wenye umeme kuizunguka sumaku iliyosimama ndani ya kikombe cha zebaki. Kilikuwa kitu cha kutazamwa, hakikuweza kufanya kazi yoyote. Mnamo 1832 Mwingereza William Sturgeon akaunda mota yenye komyuteta, yaani mduara wa vipande vya shaba uliofungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe. Mota inapozunguka, vipande vinabadilishana zamu ya kupokea umeme, na umeme unageuka wenyewe. Hakuna anayeiamrisha. Mzunguko wake ndio unaoiambia wakati umefika.

Halafu kuna habari ambayo mtu wa Chwaka akiisoma lazima atabasamu. Moritz Jacobi, mhandisi aliyezaliwa Prussia na kufanya kazi Urusi, aliunda mota yake mwaka 1834, na mwaka 1838 akaifunga kwenye boti na kuipeleka katika mto Neva, St. Petersburg, ikiwa na abiria zaidi ya kumi na betri kubwa ya sahani za zinki. Yaani kabla ya feni, kabla ya pampu, kabla ya cherehani ya umeme, mota ya umeme ilikwishapelekwa majini kusukuma chombo. Huku kwetu zilikuwa zama za Seyyid Said, na pwani nzima ilikwenda kwa kaskazi na kusi. Boti ya Jacobi haikuendelea, kwani betri zake zilikuwa ghali na zikiisha upesi. Nilipomsimulia Mama alisema, "Basi na wao walipiga hesabu."

Sasa kuhusu jina. Kwa nini kipande cha kaboni kinaitwa brashi, wakati hakina unywele hata mmoja? Kwa sababu hapo mwanzo zilikuwa brashi kweli. Umeme uliingizwa kwenye komyuteta kwa vifungu vya nyaya za shaba vilivyobanwa pamoja kama brashi ya kupakia rangi. Zikitoa cheche, zikiikwaruza komyuteta, zikiimaliza. Mwaka 1885 George Forbes, mhandisi wa Scotland, akapata hataza ya kutumia kaboni badala yake. Kaboni ni laini, inalika yenyewe na kuiacha shaba ikae. Kitu kilibadilika, jina likabaki. Mafundi wetu walilikwepa kosa hilo bila kujua: wao wanaita kaboni, na kaboni ndiyo.

Inasimuliwa kwamba Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo lililokuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Dainamo za miaka ile karibu zote zilikuwa na brashi, kwa hiyo napenda kufikiri kwamba mtu fulani, ambaye vitabu havikumtaja, alikuwa na kazi ya kukaa karibu na mashine akizitazama zile cheche. Lile jumba tunajua lilimjengea nani heshima. Aliyezitazama cheche ndiye ninayemtafuta, maana ndiye babu wa kazi ya Ami.

Mwaka 1888 Nikola Tesla alipata hataza za mota ya mkondo geu, na mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, akaitengeneza ile ya nyaya tatu ambayo mpaka leo ndiyo inayozungusha viwanda na pampu duniani kote. Hii haina kaboni wala komyuteta. Umeme unaifikia ukiwa unageuka tayari, mara 50 kwa sekunde katika nchi zetu. Nani anaugeuza? Jenereta, kule kituoni. Mota ya pampu yenye jozi moja ya ncha haiwezi kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa sababu hivyo ndivyo kituo kilivyoamua. Saa imetolewa ndani ya mota ikapelekwa mbali.

Mbali kiasi gani? Kwa Unguja, ng'ambo ya bahari. Tangu mwaka 1980 umeme wetu umekuwa ukipita kwenye kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Ras Fumba. Tarehe 21 Mei 2008 kisiwa kilizimika, kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Desemba 2009 kikazimika tena, na safari hii mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wengi wetu tunaikumbuka kwa giza, kwa foleni za mafuta, kwa samaki walioharibika. Ami anaikumbuka kwa namna yake. Mota alizozisuka kwa mkono wake, nzima kabisa, ziliwekwa kwenye kiambaza cha duka zikiwa hazina faida. "Hazikuwa mbovu," huniambia. "Zilikuwa hazina wa kuzihesabia." Watu walimletea majenereta madogo ya petroli, akayafungua mchana na usiku, na ndani ya mengi yao akazikuta tena kaboni zake. Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013, na maisha yakaendelea. Lakini toka hapo nimekuwa nikifikiri kwamba kuna tofauti kati ya mota inayojua wakati wake na mota inayoambiwa.

Hapo ndipo inapoingia mota ya tatu, ile isiyo na brashi lakini inayokwenda kwa betri. Ilichelewa, kwa sababu ilidai vitu vitatu ambavyo havikuwepo.

Kwanza ilidai macho. Mwaka 1879 Edwin Hall, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Baltimore, Marekani, aliupitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, akaisogezea sumaku, akaona volti ndogo ikizuka ubavuni. Kitu kinachoihisi sumaku bila kuigusa! Ilichukua miongo mingi kabla ugunduzi huo haujawa kihisi cha bei ndogo, maana dhahabu hutoa volti ndogo mno, na ilibidi kungojea semikondakta.

Pili ilidai mkono wa haraka, na huo ni transista, iliyozaliwa mwaka 1947. Haja yenyewe ilikuwa imekwishaonekana. Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege zilizoruka juu sana zilikuta brashi zao zikisagika kuwa unga kwa muda mfupi, kwani kaboni inahitaji unyevu wa hewa ili iteleze, na kule juu unyevu hakuna. Mwaka 1962 T. G. Wilson na P. H. Trickey wakawasilisha mada juu ya mota ya mkondo mnyoofu ambayo komyuteta yake ni transista. Hiyo ndiyo hati ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa mota tunayoizungumzia.

Tatu ilidai sumaku yenye nguvu. Mwaka 1983 Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku ya neodimiamu. Baada ya hapo mota isiyo na brashi ikaingia kwenye diski za kompyuta, kwenye feni, kwenye droni, na leo kwenye bodaboda za umeme za Kigali, Nairobi na Kampala. Na kwenye baiskeli ile iliyotupwa.

Mkono unaogeuza haukuondoka, ndugu msomaji. Ulihama. Ulitoka kwenye kaboni ukaenda kituo cha umeme, kisha ukaingia kwenye kisanduku kidogo kinachoitwa kontrola. Na visanduku vyenyewe vinakuja vimemiminiwa gundi ngumu ndani, huwezi kuvifungua. Nilinunua kimoja. Chumvi ilikiua ndani ya wiki chache, nikabaki na tofali. Ndipo nilipoamua kutengeneza changu.

Kwa karatasi, kazi ni nyepesi. Mota ina nyaya tatu. Kila waya una transista mbili: ya juu inauunganisha na chanya cha betri, ya chini inauunganisha na hasi. Jumla sita. Ndani ya mota mna vihisi vitatu vya Hall, kila kimoja kikisema ndiyo au hapana. Majibu matatu ya namna hiyo yana michanganyiko minane, lakini miwili, zote ndiyo na zote hapana, haitokei mota ikiwa nzima. Inabaki sita, na kila mmoja una amri yake: washa hii ya juu, washa ile ya chini, waya wa tatu uache upumzike. Mota yangu ina sumaku 46, yaani jozi 23, na kila jozi ina hatua sita. Gurudumu likizunguka mara moja, saketi imeamua mara 138.

Usiku wa kwanza iliamua mara moja tu. Pa! Transista mbili zikapasuka, nyumba ikanuka, Mama akauliza kutoka ndani kama niko hai. Nikazibadilisha, zikapasuka nyingine. Transista za juu nazo zina tabia yake: ili ziwake vizuri zinataka volti zaidi ya betri yenyewe, kwa hiyo kila moja inawekewa kapasita inayojazwa wakati wa chini inapowaka, kisha inapandishwa juu pamoja na waya. Nilidhani kosa liko hapo. Nikabadilisha kapasita. Pa!

Ilipofika transista ya nane nikaenda kwa Ami barazani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikakaa kimya. Akaniuliza, "Ngapi leo?" Nikamwambia. Nikamchorea saketi kwenye mchanga kwa kijiti, waya mmoja, transista mbili, juu na chini. Akatazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na rota ya zamani ya gurainda, akaweka ukucha wake kati ya vipande viwili vya komyuteta.

"Hapa pana nini?"

"Mika, Ami."

"Kwa nini tukaiweka? Kati ya shaba na shaba lazima kuwe na kitu kisicho shaba. Mimi nimeimaliza misumeno mingapi kuisafisha hii mifereji. Wewe yako iko wapi?"

Yangu haikuwepo. Nilikuwa nikiizima transista ya juu na kuiwasha ya chini katika nukta ile ile. Lakini transista haizimiki papo hapo, ina kijimkia. Kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho zote mbili zilikuwa zimewaka, na betri ya volti 48 ikapata njia iliyonyooka kutoka chanya hadi hasi. Nikaandika upya programu: zima, ngoja mikrosekunde moja, ndipo uwashe. Si kitu kimoja na mika, najua. Brashi hupanda juu ya mika na kugusa vipande viwili kwa pamoja, na hapo ndipo cheche zinapozaliwa. Lakini mtu aliyetumia ujana wake kuchimba mifereji ya upana wa uzi ndiye aliyenielekeza kutafuta ufa katika wakati.

Mota ikazunguka. Ikazunguka, lakini kwa kunguruma, na ikapata joto bila mzigo. Ami aliiwekea kiganja, akafumba macho, akasema, "Inawahi." Nikamuuliza kajuaje. Akanieleza kwamba mota kubwa za zamani zilikuwa na pete ya kushikilia kaboni, na fundi aliilegeza pete ile akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, huku akizitazama cheche. Zikififia, hapo ndipo. Unakaza, unaondoka. Sasa mimi, kihisi kimoja cha mota yangu kilikuwa kimekufa, nikakibandika kipya kwa gundi, kwa macho tu, na kwa ajili ya unadhifu nikavibadilisha vyote vitatu. Vyote vimekaa mbele ya mahali pake. Sikuvibandua. Niliongeza kuchelewa kidogo kwenye programu, Ami kiganja kaweka, mimi natazama mshale wa ampea. Ongeza. Ongeza. Punguza. Mshale ukashuka, ngurumo ikakata, ikabaki sauti kama ya nyuki mmoja.

Vitabu nilivyosoma vinakieleza kitendo kile kwa hesabu nzuri za pembe, na ninaziheshimu, kwani bila hizo nisingejua la kuandika. Lakini vinaeleza kana kwamba kabla ya transista wakati wa mota ulikuwa ukijitunza wenyewe. Si kweli. Ulitunzwa na watu wenye viganja. Historia imeandika waliopata hataza. Waliolegeza pete na kuikaza wameacha kopo la kaboni.

Tuliifunga kwenye dau mwezi wa Januari. Mota juu ndani ya kisanduku, mkanda ukashuka mpaka kwenye mhimili wa rafadha. Saketi niliipaka vanishi mara tatu kwa sababu ya chumvi. Mama na mwenzake mmoja walipanda na kamba zao, tukatoka polepole, tukapita madema ya watu, tukafika pale maji yanapobadilika rangi. Walifunga kamba kumi. Nilifanya kazi ya kushika chombo kisihame. Hapakuwa na moshi, na tulisikia wanavyoongea.

Safari ya nne, tukirudi, mota ilisimama. Hakuna pa, hakuna harufu. Taa ndogo niliyoiweka kwenye kisanduku ikawaka nyekundu: vihisi vyote vitatu vinasema ndiyo, jibu lisilowezekana. Chumvi ilikuwa imeukata waya wa kuvilisha. Saketi haikujua tena rota iko wapi, na nilikuwa nimeiandikia kwamba isipojua, isiguse kitu.

Nikaanza kuomba radhi. Mama alikwishashika pondo.

"Bora imesimama," alisema, "kuliko kutupeleka siko."

Jioni nilimpelekea Ami ule waya uliolika. Akautazama, akaupinda mara mbili, akautia ndani ya kopo.